Mkwe wa Dunkley na Kisima Kisichochimbwa

Huku kwetu shamba haliitwi kwa jina la anayelilima. Linaitwa kwa jina la aliyelilima kabla yake, na huyo awe ameshazikwa zamani, ndipo jina likae sawasawa. Ndiyo maana Harlan Tressler, aliyekamua ng'ombe wale asubuhi na jioni tangu nywele zake zingali nyekundu hadi zikawa nyeupe pe, siku zote alikuwa akikaa "kwa Dunkley." Ukiuliza njia utaambiwa pita kanisani, vuka daraja, panda hadi kwa Dunkley. Na huyo Dunkley mwenyewe, mzee Asa, yuko kaburini nyuma ya kanisa hilo hilo ulilolipita. Ukizidi kuuliza, "Na Tressler je?" mtu atakuna kichwa, kisha atakumbuka: "Aa, Mkwe! Huyo yuko kwa Dunkley."

Mkwe. Hilo ndilo jina tulilompa, na sisi watu wa huku tukishakupa jina hatulirudishi. Alikuja kutoka bonde la pili, ambako baba yake alilima ardhi ya kupanga mpaka akatolewa. Harlan akamwoa Leora, binti pekee wa mzee Asa. Siku ya pili baada ya harusi mzee alimkabidhi ndoo akamwonyesha ng'ombe, na nadhani hayo ndiyo mazungumzo marefu zaidi waliyowahi kufanya. Mzee akafa. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakahamia mijini. Na bado kila asubuhi Harlan akiingia dukani kunywa kahawa, jirani yake Gib Rozelle, mtu mwenye mdomo usiojua kufungwa, humpokea kwa sauti ya juu: "Karibu, Mkwe! Mzee Asa amekupa ruhusa ya kutoka?"

Watu hucheka. Harlan naye alicheka. Jamani, mtu anaweza kulicheka neno maisha yake yote, na kila mara likamchoma pale pale.

Kampuni za gesi zilipoingia kaskazini mwa Pennsylvania, hakuna jiko ambalo halikutembelewa. Kwa Dunkley alikuja kijana wa Oklahoma aitwaye Trent, buti zenye ncha, adabu tele. Alikula pai ya tufaha ya Leora, akaisifu, akaomba tena, kisha akatandaza ramani mezani. Gesi ipo, alisema, imelala ndani ya mwamba, chini kabisa. Kampuni itaikodi ardhi, itakata barabara, itasimamisha mtambo, itachimba, na gesi ikianza kutoka mwenye shamba anapata fungu lake. Mkataba ni wa miaka mitano, na kisima kikichimbwa unaendelea. Bei ya maziwa wakati huo ilikuwa matusi matupu, kwa hiyo hakuna mkulima aliyehitaji kubembelezwa. Lakini kilichomnasa Harlan hakikuwa hicho.

"Na hivyo visima mnavipa majina, kama ng'ombe?" Leora aliuliza, akitania tu.

"Ndiyo, mama. Kila kisima kinapewa jina la mwenye shamba. Chenu kitaitwa Tressler Namba Moja. Kibao kinawekwa pale barabarani, na jina linaingia kwenye ramani za serikali."

Leora akaangua kicheko. "Tressler! Mbona baba atageuka kaburini!"

Harlan hakucheka. Alisogeza kikombe chake pembeni akauliza taratibu, "Umesema Namba Moja. Kwani kutakuwa na Namba Mbili?"

Basi, kuanzia hapo mtu yule alikuwa amekwisha. Hakutaka gari jipya, hakutaka kuhamia Florida kwenye joto kama wengine walivyoota. Alitaka kabla hajafa watu waseme "kwa Tressler," angalau mara moja, bila kutabasamu.

Ardhi ilikuwa ya Leora, na saini iliyohitajika kwanza ni ya Leora. Aliishika kalamu akamtazama mumewe kwanza, si Trent.

"Nitatia saini, Harlan, kwa sababu naona unavyotaka. Lakini msitu wangu usiguswe."

"Nani atagusa msitu wako, mama?" Harlan akauliza.

"Nimesema tu. Usiguswe."

Msitu wenyewe uko nyuma ya banda la ng'ombe, miti ya sukari aliyoiacha babu yake Leora alipokuwa akifyeka mingine yote. Baridi inapoanza kulegea, usiku maji yakiganda na mchana yakiyeyuka, Leora huchukua kekee ya baba yake, anatoboa shina, anachomeka mrija, anatundika ndoo. Maji ya mti yanadondoka siku nzima. Anayachemsha ndani ya kibanda mpaka yanakuwa shira, na mvuke unaotoka pale ukiuona kutoka barabarani unajua majira ya baridi yameshindwa. Miti haifanani utamu. Leora alikuwa ameionja yote tangu utotoni, na kila vuli alifunga vitambaa kwenye ile mitamu kupita mingine, maana vya mwaka uliopita huoza, ili theluji ikijaa aanze na hiyo. Harlan hakujihusisha sana na shughuli hiyo. Yeye wake ng'ombe.

Trent aliapa kwamba barabara ya kampuni itapita chini, kando ya ukuta wa mawe, na itagusa miti michache ya pembeni isiyo na faida. Wapima ardhi wakaja, wakafunga utepe wa rangi ya chungwa kwenye hiyo michache, wakanywa kahawa, wakaenda zao. Walisahau nusu ya utepe barazani. Leora akaukunja akauweka kwenye droo, maana mtu wa huku hatupi kitu ambacho kimebaki kizima.

Halafu mambo yakasimama.

Ni hivi. Mvua inayonyesha upande huu wa kilima inateremka mto Delaware, na mto huo unanywewa na miji mikubwa huko chini. Wenye mamlaka ya mto wakasema hakuna kuchimba mpaka kanuni ziandikwe. Mvua ya upande wa pili wa kilima inakwenda mto mwingine, na huko ruksa. Basi wakati wa kukamua jioni Harlan akichungulia mlangoni aliona mwali wa gesi ya wenzake ukiwaka nyuma ya kilima, wenzake waliotia saini baada yake, na visima vyao vina majina yao. Vinny Sabol, ambaye hata uzio alikuwa hajui kuziba, alikuwa na Sabol Namba Moja hadi Namba Nne. Ilimuuma, tena sana, na sioni haja ya kulificha hilo.

"Kanuni zinakuja," Trent alisema kwenye simu. "Mwezi ujao." Mwezi ujao akasema baada ya Krismasi. Baada ya Krismasi akasema kiangazi. Harlan alihudhuria kila mkutano katika ukumbi wa shule, akakaa kati ya wanaotaka na wasiotaka, wote majirani, wote wakizomeana. Siku moja alisimama kuzungumza, akataja jina lake, na mwenyekiti akauliza anatoka wapi. Kabla hajafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma: "Kwa Dunkley!" Ukumbi mzima ukacheka, wanaotaka na wasiotaka, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana usiku huo.

Vuli ya mwaka wa tatu Trent alipiga simu akiwa na moto. Safari hii ni kweli, alisema. Kura ya kupitisha kanuni za mto itapigwa kabla ya mwaka kuisha. "Na nikuambie kitu, mzee wangu. Mtambo utaanza na shamba lililo tayari. Mwenye njia iliyosafishwa ndiye wa kwanza."

Shamba lililo tayari. Harlan alilala na maneno hayo, akaamka nayo. Wiki hiyo redio ya jikoni haikuzimwa, maana habari za mto zilikuwa zinakuja na kukatika. Leora alikuwa akipakua viazi.

"Harlan, nimefunga miti yangu leo."

"Mm."

"Vitambaa vimeniishia, nikatumia ule utepe wa wapima ardhi. Uko imara kuliko vitambaa vyangu. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nimesema nini?"

"Umefunga miti yako."

"Haya," akasema Leora, akamwekea nyama.

Na kweli alikuwa amesikia. Hilo ndilo linalouma. Alisikia nusu, na nusu hiyo akaijibu vizuri kabisa.

Jumamosi yake akawaita ndugu wawili wa Pruitt, wakata miti. Alikutana nao uani, ndama mmoja alikuwa amekataa kunyonya, na akili yake ilikuwa imegawanyika mahali patatu. "Kateni kila mti wenye utepe," aliwaambia. "Kila mti." Kisha akaingia bandani.

Leora alikuwa kanisani na wenzake wakimenya matufaha ya chakula cha jioni cha mavuno. Harlan alisikia misumeno ya injini ikianza kunguruma, na Mungu amsamehe, alifurahi. Alipiga mluzi akikamua. Ilipofika mchana misumeno bado inanguruma, akajiambia, wale ndugu wa Pruitt wavivu kweli, miti michache tu inawachukua siku nzima.

Leora alirudi alasiri. Alipopanda kilima aliona anga mahali ambapo maisha yake yote hajawahi kuona anga. Alisimamisha gari katikati ya njia, mlango akauacha wazi, na Harlan alipotoka bandani akamkuta amesimama kati ya visiki, amevaa koti lake la kanisani, mikono bado inanuka tufaha. Alikuwa akiokota tepe, moja baada ya nyingine, anazifungua kwenye magogo na kuzitia mfukoni.

Harlan alielewa. Akashika gogo. "Leora. Leora, mama, mimi..."

"Nilikuambia mezani."

"Nilisikia, lakini sikujua kwamba..."

"Nikakuuliza nimesema nini. Ukaniambia."

Ndugu wa Pruitt walivua kofia zao kama watu walio msibani, wakaondoka bila kuaga. Miti mingine ilibaki, ile ya maji maji ambayo unachemsha kutwa upate kijiko. Mitamu yote ilikuwa chini. Mti wa sukari unahitaji umri wa mtu mzima kabla hujautoboa, na wao wawili walikuwa wazee. Hata wakipanda mingine siku ile ile wasingeionja.

Sasa, laiti Harlan angeishia hapo. Nadhani Leora angemsamehe, maana alijua kosa ni kosa, na alikuwa mtu wa haki kupita baba yake. Lakini aibu ina vituko vyake. Harlan hakuweza kuitazama ile njia tupu iliyopasua msitu bila sababu, basi akaamua kuipa sababu. Magogo yalipoondolewa, akang'oa visiki kwa trekta. Akaleta kokoto, lori baada ya lori, akazisambaza, akazishindilia, akachimba mfereji pembeni. Ikatokea barabara nzuri, pana, imenyooka kupanda hadi kwenye uwanja ambapo mtambo ungesimama. Alijiambia kisima kikija Leora ataona kwamba miti ile haikufa bure. Alifanya kazi hiyo vuli nzima mpaka ardhi ikaganda, akaendelea ardhi ilipolainika.

Leora alikuwa akimtazama kutoka dirisha la jikoni. Siku alipomaliza alimpelekea kahawa, kama kawaida yake, akasubiri anywe.

"Miti ilikatwa kwa bahati mbaya," alimwambia. "Hilo nimelimeza. Lakini kokoto hizi, Harlan, umezimwaga mwenyewe, na akili zako timamu, juu ya mizizi."

Akachukua kikombe akarudi ndani. Hawakulizungumza tena. Walikula pamoja, walikwenda kanisani pamoja, alimshonea vifungo. Mwisho wa baridi ulipofika kibanda cha shira hakikutoa mvuke, na sisi tuliopita barabarani tuliona.

Mwaka ule kura haikupigwa. Mwaka uliofuata pia haikupigwa. Dukani Gib alianza kumtania, "Mkwe, treni inapita saa ngapi kwenye barabara yako?" Harlan akamtazama tu, na macho yake yalivyokuwa Gib akajikuta anaangalia kahawa yake. Hakumtania tena. Harlan aliona afadhali kutaniwa.

Mkataba uliisha kimya. Kampuni iliandika mistari michache ya kushukuru, kwamba kwa kuwa kanuni hazijapatikana haitaendelea, na ardhi iko huru. Harlan alipiga simu kwa Trent ikaita, ikaita. Siku nyingine akapokea mtu mwingine, akasema Trent yuko Texas siku hizi, kwani ulikuwa na shida gani? Harlan akasema hana shida.

"Wamejitoa," alimwambia Leora jioni hiyo.

"Nimesikia."

"Hakuna kisima."

"Najua, Harlan." Alisema kwa upole, na upole wenyewe ulimtisha mumewe kuliko kama angemrushia sahani.

Mwezi wa pili, asubuhi ya kwanza paa lilipoanza kudondosha maji ya theluji, Leora alitoa ndoo zake ghalani akazipanga ndani ya gari. Akaweka mirija, chujio, na kekee ya baba yake imefungwa kwa taulo. Harlan alitoka bandani na maziwa bado yanamtiririka kwenye buti.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa Nettie." Nettie ni binamu yake, anakaa ng'ambo ya mto, upande wa New York. "Ana miti mingi na mgongo unamsumbua. Nitamsaidia kuchemsha."

"Msimu ukiisha utarudi?"

Leora aliufunga mlango wa nyuma wa gari, akausukuma kuhakikisha umeshika. "Kuna nyama kwenye friza. Supu umeizoea."

Harlan akaufungua tena, akamsaidia kufunga ndoo kwa kamba ili zisigongane. Angeweza kusema usiende. Angeweza kupiga magoti pale kwenye tope, na mimi ningemheshimu zaidi. Badala yake alisema, "Barabara ina utelezi kule darajani."

"Nitakwenda pole pole," akasema Leora.

Huku kwetu msimu wa shira unaisha vyura wakianza kulia kwenye madimbwi. Wakishalia, maji ya miti yanachachuka na kila mtu anateremsha ndoo. Mwaka ule Harlan alikuwa akitoka uani kila jioni baada ya kukamua, anasimama kusikiliza. Nafikiri hakuna mtu katika wilaya hii aliyewahi kuwangoja vyura hivyo. Walipolia alikimbilia simu bila kuvua buti.

"Leora, vyura wameanza huku."

"Na huku pia."

Alingoja. Alisikia sufuria zikigongana kwa Nettie, na mtu akicheka chumba cha pili.

"Basi msimu umekwisha," akasema.

"Umekwisha, Harlan."

"Nije nikuchukue?"

"Gari ninalo," Leora akajibu. Akamuuliza habari za yule ng'ombe mwenye kwato mbovu, Harlan akamweleza yote, akairefusha habari kadiri alivyoweza, mpaka ng'ombe akaisha.

Kiangazi hicho wilaya iliamua kila njia ipewe jina, hata ya shambani, ili gari la wagonjwa lisipotee. Gib Rozelle alikuwa mjumbe. Alikuja mwenyewe na kibao cha kijani na nguzo nyuma ya gari lake, akashuka akijipangusa mikono, na alionekana ana haya, jambo ambalo hatujawahi kumwona nalo.

"Nimekufanyia kitu, Harlan." Alimwita Harlan, si Mkwe. "Nilisimama kwenye kikao nikasema, yule mtu amelima pale maisha yake yote. Na barabara aliijenga yeye. Hakuna aliyepinga."

Kibao kimeandikwa BARABARA YA TRESSLER. Gib alikuwa na nia njema, tena njema kabisa, na alisimama pale akingoja uso wa rafiki yake ufunguke. Harlan akamshukuru. Akashika nguzo wakati Gib akiigonga kwa nyundo, pale pale inapoanza kokoto, kati ya miti ya maji maji iliyobaki kushoto na kulia.

Wiki chache baadaye lori la maziwa lilikuja na dereva mpya, msichana mwenye kofia ya besiboli, hajui mtu huku. Alizima injini akachungulia dirishani.

"Shikamoo mzee. Nimeona kibao pale chini. Hapa ndipo kwa Tressler, siyo?"

Maneno yenyewe, bila tabasamu, bila mtu wa kucheka nyuma. Harlan alikuwa ameshika mpira wa kuoshea sakafu, maji yakimwagika kwenye buti zake, na hakuufunga.

"Hapana, binti," akasema. "Hapa ni kwa Dunkley."

"Oh. Samahani. Mwenyewe yupo?"

Harlan alitazama dirisha la jikoni.

"Hayupo," akamjibu. "Ametoka kidogo."